Kivu: Kijana asiyelala na asiyechoka, wazazi watazame nini kabla ya kusema ni pepo?

Kijana wa miaka 17 amemaliza siku nane akilala saa mbili tu kwa usiku, na asubuhi haonyeshi uchovu wowote. Anasema haraka hadi ndugu zake hawamfuati. Ameuza simu yake, amekopa pesa kwa majirani, na anatangaza kwamba mwezi ujao atafungua kampuni ya magari kati ya Goma na Kampala. Miezi mitatu nyuma, kijana huyo huyo alikuwa hatoki kitandani. Aliacha masomo, na mama yake alidhani ni uvivu.

Huu ni mfano tu, lakini familia nyingi za Goma, Bukavu, Butembo au Uvira zitaitambua sura hiyo. Nyumbani mjadala huanza mara moja: shangazi anasema ni pepo, baba anasema ni bangi, jirani anasema ni vita. Kila jibu lina mlango wake: chumba cha maombi, kasho ya polisi, au kungoja tu. Mlango wa kituo cha afya mara nyingi hubakia wa mwisho, na hapo ndipo kijana hupoteza miaka.

Ugonjwa wenye sura mbili

Hali hiyo inaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa bipola. Ni ugonjwa wa akili ambamo hali ya mtu hupanda kupita kiasi kwa kipindi fulani, kisha katika kipindi kingine hushuka kabisa. Kati ya vipindi hivyo mgonjwa anaweza kuwa mzima kama watu wengine. Shirika la afya duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani waliishi nao. Mara nyingi huanza katika miaka ya mwisho ya ujana au mara tu baada yake, yaani wakati wa masomo ya sekondari, chuo kikuu na kazi ya kwanza.

Ugumu wa kwanza ni kwamba kwa vijana wengi ugonjwa huanza na upande wa kushuka. Kijana ana huzuni kwa majuma, hapendi tena mpira wala kwaya, analala kupita kiasi, anajiona hana maana. Muuguzi anayemuona siku hiyo anaona huzuni peke yake. Akipewa dawa ya huzuni bila dawa nyingine ya kutuliza mabadiliko hayo, anaweza kurushwa upande wa juu. Ndiyo maana swali moja halipaswi kukosa: je, kuliwahi kuwa siku ambapo hakuhitaji usingizi, alisema bila kupumzika na alijiona mwenye uwezo wa ajabu? Swali la pili: je, katika ukoo kuna mzazi, kaka au dada aliyepata hali kama hiyo? Ugonjwa huu hufuata sana damu ya familia.

Vita inachanganya dalili

Tangu waasi wa AFC/M23 walipouteka mji wa Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, ni vijana wachache wanaoweza kusema wanalala vizuri. Wengi walisikia risasi, walihama zaidi ya mara moja, walizika watu wao. OMS linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kwa watano ana tatizo fulani la afya ya akili. Kwa hiyo si kila kijana mwenye hasira au asiyelala ana bipola.

Tofauti iko wapi? Kijana mwenye majeraha ya vita anatamani usingizi lakini woga unamzuia, na kesho yake amechoka. Aliye katika kipindi cha kupanda hautafuti usingizi; analala kidogo na kuamka na nguvu. Wa kwanza hushtuka anaposikia mlipuko au kitu kinachomkumbusha yaliyompata. Wa pili hubadilika kwa siku mfululizo, hata pasipo sababu inayoonekana, na kila anayemfahamu anasema: huyu si yeye. Waganga huzungumzia kipindi cha kupanda kilicho kamili hali hiyo ikidumu juma moja hivi, au hata pungufu ikiwa ni kali hadi kulazwa hospitali. Hasira ya nusu saa kisha kicheko haitoshi.

Kuna pia vitu vinavyoiga ugonjwa huu. Malaria inayopanda kichwani inaweza kumfanya mtu aseme ovyo, ndiyo maana homa hupimwa kwanza. Bangi na pombe kali za bei ndogo huvuruga akili. Wasichana wanaotumia vidonge vya deksametasoni ili wanenepe wajue kwamba dawa hiyo inaweza kuleta kipindi cha kupanda hata kwa mtu asiye na historia ya ugonjwa.

Somo kutoka Marekani

Kukosea upande wa pili pia kuna gharama. Huko Marekani, kati ya miaka ya 1994-1995 na 2002-2003, idadi ya mara ambazo watoto na vijana walionwa na waganga wakiitwa wagonjwa wa bipola iliongezeka mara 40 hivi. Wataalamu wengi waliona kwamba watoto wenye hasira ya kila siku walipewa jina lisilo lao, pamoja na dawa nzito. Kunako mwaka 2013 waganga wa huko walitenga jina lingine kwa watoto wa aina hiyo. Ni kusema kwamba jina la ugonjwa halitolewi kwa kumuona kijana mara moja tu.

Daftari kuliko uvumi

Hapa Kivu waganga wa akili ni wachache mno. Kuna vituo kama SOSAME mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma, vinavyoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, lakini kwa mtu wa Walikale au Shabunda ni safari ndefu. Tangu mwaka 2008 OMS lina mpango wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida kupima na kuhudumia magonjwa haya, bipola ikiwemo. Mpango huo ungefaa kufika katika kila eneo la afya.

Wakati huo mzazi ana chombo kisicho na bei: daftari. Aandike kila siku saa ambazo kijana amelala, jinsi anavyosema, pesa alizotumia, siku za huzuni. Majuma manne ya daftari yatamsaidia muganga kuliko saa nzima ya maelezo. Lakini akitaja kufa, au akiwa hatari kwa wengine, hakuna kungoja daftari: apelekwe siku hiyo hiyo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiri kujiua hakumpi wazo hilo. Kunamfungulia njia ya kusema.

Kuhusu maombi, hakuna anayekatazwa kuomba. Ila mkesha wa usiku kucha na kufunga chakula kwa siku nyingi ni hatari kwa mgonjwa huyu, kwa sababu kukosa usingizi huchochea kipindi cha kupanda. Mchungaji anayemwacha alale na anywe dawa zake anamsaidia. Minyororo na viboko havimponyi mtu.

Dawa zipo, kama litiamu, inayodai damu ipimwe mara kwa mara. Valproati haifai kwa msichana anayeweza kupata mimba, kwani huharibu mtoto tumboni. Dawa hizo hazikatwi ghafla bila muganga. Katika mkoa ambamo barabara hufungwa na pesa ni ngumu kupatikana, hilo ndilo pigo: dawa ikikosekana, ugonjwa hurudi. Wanaoleta misaada ya afya Kivu wanapaswa kuhesabu dawa za akili pamoja na zile za malaria na kipindupindu. Kijana akihudumiwa mapema, anaweza kurudi darasani na kuandika mtihani wake wa serikali.