Karo za zamani ndani ya kave: usizivunje!



Kwenye kazi unavaa kofia ya usalama, bote na maski. Mkubwa wa kazi hakubali uingie shimoni bila vitu hivyo, nawe unajua sababu. Lakini nyumbani, siku ya mapumziko, nani anakuangalia?

Siku ya posho moja nilipita kwa jirani yangu hapa Butembo, mzee aliyekwisha kupata pansio. Nyumba yake ni ya wakati wa Wabeleji, imejengwa kwenye mteremko, na chini yake kuna kave. Mzee alitaka kave hiyo iwe chumba cha kupangisha. Vijana wawili walikuwa wanagonga karo za chini kwa nyundo, mama anafagia, vumbi limejaa mpaka mlangoni. Mjukuu alikuwa anacheza na vipande. Nikawaomba wasimame kwanza. Mzee akanijibu: «Mwanangu, nimekula vumbi la mawe miaka makumi tatu. Karo hizi zitanifanya nini?»

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike.

Kabla ya mwaka 1960, na hata miaka mingi nyuma yake, viwanda vya Ulaya vilichanganya amianti katika vitu vingi vya kujengea: karo nyembamba za rangi nyeusi, kahawia ao nyekundu, gundi nyeusi ya kuzibandika, na mabamba ya kijivu ya paa tunayoyaita eternit. Amianti ni jiwe lenye nyuzi. Haliungui, ni gumu, na lilikuwa la bei ndogo. Ndiyo maana lilipendwa. Ubelgiji, uliotuletea vitu vingi vya ujenzi, ulikataza karibu matumizi yote ya amianti mwaka 1998. Jirani zetu wa Kenya waliikataza mwaka 2006.

Karo ikiwa nzima na imeshikwa vizuri, haikudhuru. Hatari inaanza ukiivunja, ukiikwangua ao ukiitoboa. Nyuzi zake ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Zinaelea hewani, unazivuta, zinakaa katika mapafu wala hazitoki. Hukohoi siku ile. Ugonjwa unakuja nyuma ya miaka 20, 30, hata 40: mapafu kuwa magumu, kansa ya mapafu, ao kansa ya ngozi inayozunguka mapafu, ambayo waganga wanaiita mesotelioma. Hiyo hata leo haina dawa ya kuiponya.

Sasa nimjibu mzee, kwa heshima yote. Baba, kwa kuwa umekula vumbi la mawe miaka makumi tatu, ndiyo sababu kubwa ya kutoongeza lingine. Mapafu ya mchimbaji yamekwisha kubeba mzigo. Na kama unavuta tumbaku pia, hatari ya kansa ya mapafu inazidi mara nyingi.

Zaidi ya hayo, vumbi lile si lako peke yako. Huko Ubelgiji, Françoise Jonckheere alikuwa mke wa injinia wa kiwanda cha Eternit cha Kapelle-op-den-Bos. Yeye mwenyewe hakufanya kazi kiwandani. Aliishi karibu nacho na kufua nguo za mume wake. Mume alikufa kwa mesotelioma mwaka 1987, mama akamfuata mwaka 2000, na wana wao wawili pia waliuawa na ugonjwa huo. Mwaka 2011 korti ya Brussels ililaumu kampani hiyo. Basi fikiri: mjukuu wa miaka 5 anayecheza na vipande leo atakuwa na miaka 35 ao 45 siku ugonjwa utakapomkamata. Nani atakumbuka kave ya babu?

Kwa macho tu, hakuna anayeweza kujua kama karo ina amianti. Ni laboratwari tu. Kwa hiyo karo ya namna hiyo, ya nyumba ya zamani, uihesabu kuwa nayo. Fanya hivi:

1. Kama karo ni nzima, ziache. Tandika mkeka wa plastiki ao weka karo mpya juu yake.
2. Usikwangue gundi nyeusi, usipitishe mashini.
3. Kama moja imekwisha kuvunjika, ondoa watoto, lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, iinue polepole bila kuigonga. Kitambaa puani hakitoshi. Inafaa maski ya kweli ya vumbi la hatari.
4. Usifagie vumbi kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitupe pamoja na vipande.
5. Tia vipande katika mifuko miwili ya plastiki, funga, zika kwenye shimo refu, mbali na kisima. Usivimwage barabarani kujaza mashimo ya matope.
6. Usikung'ute nguo zako ndani ya nyumba. Zilowanishe, uzifue peke yake, kisha uoge.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wetu. Mfanyakazi anapopewa ao kuuzishiwa nyumba ya zamani, anapewa funguo na karatasi. Ni haki apewe pia habari ya kile kilicho chini ya miguu yake na juu ya kichwa chake. Kumfundisha mtu usalama shimoni, kisha kumwacha peke yake katika kave yake, ni kazi iliyofanywa nusu.

Mzee wetu alisimamisha vijana. Karo zilizobaki amezifunika, na chumba kimepata mpangaji. Hakupoteza kitu. Nawe, kabla ya kuinua nyundo, kumbuka: kinga ni bora kuliko dawa, na kwa ugonjwa huu dawa yenyewe haipo.