DARASA LA MAMA, SEHEMU YA 9: ILE DRIPU NYEUPE



Baada ya sehemu ya 8 ya watoto njiti, mama mmoja hapa Ole kaniuliza: ile dripu nyeupe ni maziwa? La. Ni mafuta, aghalabu ya soya, yaliyogawanywa matone madogo mno ili yapite mshipani. Hupewa mtoto ambaye tumbo lake bado haliwezi chakula: njiti sana, au aliyezaliwa matumbo yako nje akapewa rufaa ya upasuaji. Kwa huyo ndo chakula chenyewe, msiikatae.

Ila mimi nasema mzazi aambiwe madhara yake mapema, si mambo yakishaharibika.

Kwanza, kasi. Yakiingia haraka kuliko mwili unavyoyatumia, mafuta hujaa kwenye damu, na kwa njiti yanaweza kujikusanya mapafuni. Kuna vichanga waliofariki hivyo, na Marekani dawa hii ilibeba onyo hilo miaka mingi. Kwa hiyo bibi, shangazi, yeyote yule: usiguse kile kigurudumu ati iishe upesi!

Pili, ini. Akiitumia wiki nyingi, nyongo inaweza kukwama. Angalia macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu, choo cheupe kama chokaa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dripu ya mafuta ya samaki kwa watoto waliopata shida hii.

Tatu, vijidudu. Navyo vinapenda mafuta. Mtoto akipata homa, akipoa mwili, akilegea au akihema kwa shida, mwite nesi saa hiyo hiyo. Na mikono ioshwe kabla ya kumshika.

Sasa jamani, sisi Wapemba tuna haya. Daktari akipita tunainamisha kichwa, "sawa daktari", kisha tunaulizana wenyewe nje. Kuuliza si utovu wa adabu, mtoto ni wako. Uliza haya matatu: Dripu hii itakwenda saa ngapi? Damu na ini vitapimwa lini? Ataanza lini maziwa yangu?

Hilo la mwisho ndo kubwa, maana tumbo likianza kupokea maziwa, dripu hupunguzwa na ini hupumzika. Basi endelea kukamua, hata kama ni matone.

Sehemu ya 10: kukamua na kuhifadhi maziwa. Mtumie na shoga yako mwenye mimba.