Aliyeona na Ashuhudie



Sisi tukaao Mbangala, tusafiripo kwenda Tunduma, twajua maana ya kizuizi. Gari husimama, askari huchungulia, mizigo hukaguliwa, vitambulisho hutazamwa. Huko mpakani, baina ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, malori hupanga foleni ndefu, na mwaka 2019 serikali za nchi mbili hizi zilifungua kituo cha pamoja ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Kizuizi chenyewe si dhuluma. Nchi yahitaji kulindwa na magendo yapasa kuzuiwa. Lakini mahali ambapo mmoja ana amri na mwingine ana haja ya kupita, hapo ndipo Shetani hupenda kuketi.

Nina jambo la kuungama. Siku moja mwanamke mtu mzima aliteremshwa katika basi letu kwa ajili ya magunia mawili ya mpunga. Maneno aliyoambiwa hayafai kuandikwa katika gazeti lisomwalo na watoto. Abiria tulikuwa zaidi ya arobaini, na kila mmoja alitazama dirisha la upande wa pili, nami nikiwa miongoni mwao. Mama yule akarudi kitini kimya, gari likaondoka. Tangu siku ile najiuliza: je, katika watu wote wale hakupatikana hata mmoja wa kusimama mlangoni akatazama tu?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kusoma habari za wanawake fulani wa mbali, wala msistaajabu nikisema kwamba ni raia wa Israeli, na wengi wao ni Wayahudi.

Israeli iliutwaa Ukingo wa Magharibi wa Palestina katika vita vya mwaka 1967. Baada ya Wapalestina kuinuka mwezi wa Septemba mwaka 2000, jeshi lilizidisha vizuizi barabarani, vingi vikiwa si mpakani, bali baina ya kijiji na kijiji, baina ya mkulima na mizeituni yake, baina ya mgonjwa na hospitali. Wako kina mama waliojifungua papo hapo njiani, wakingoja ruhusa ya kupita. Mwanzoni mwa mwaka 2001 wanawake watatu wa Israeli walianzisha chama cha kwenda kuyaona mambo hayo kwa macho yao. Wakakiita Machsom Watch. Machsom ni neno la Kiebrania lenye maana ya kizuizi. Wanachama wake ni wanawake watupu, na kazi yao ni ya kujitolea.

Hawana silaha wala cheo. Walikuwa wakienda wachache wachache, asubuhi na alasiri, wakasimama Qalandia kwenye njia ya Yerusalemu, au Huwwara karibu na Nablus. Walitazama foleni, wakahesabu muda wa kungoja, wakauliza ni nani aliyezuiliwa na kwa sababu gani. Pengine walimpigia simu mkubwa wa askari ili mtu aachiliwe. Wakirudi nyumbani, waliandika waliyoyaona na kuyatangaza. Wengine wamekaa katika mahakama za kijeshi wakisikiliza kesi. Wengi wao ni mama na bibi, na wako ambao watoto wao wametumikia jeshi lilo hilo.

Mwezi wa Novemba mwaka 2004, katika kizuizi cha Beit Iba karibu na Nablus, mmoja wao alipiga picha ya sinema ya kijana Mpalestina akipiga fidla mbele ya askari, huku watu wamepanga foleni nyuma yake. Picha ile ilizusha mabishano makubwa nchini Israeli. Jeshi likatoa maelezo yake na wengine wakatoa yao. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo lile halikutokea, kwa sababu palikuwapo jicho.

Msidhani kwamba wanawake hao husifiwa na wote. Wako wananchi wenzao wawaitao wasaliti. Wako pia waulizao kama kusimama kwao pale hakukipambi kizuizi kikaonekana kama jambo la kawaida, na wao wenyewe wamejiuliza hivyo. Wala vizuizi havikwisha: Umoja wa Mataifa ulipohesabu mwanzoni mwa mwaka 2025 ulikuta vizuizi vya kila namna zaidi ya 800 katika Ukingo wa Magharibi. Basi ushahidi wao umefaa nini? Umefaa hivi: mwenye kudhulumiwa amejua kwamba ameonekana, na mwenye kudhulumu hawezi kusema kesho kwamba hapakuwa na mtu.

Ndugu zangu, Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yatuamrisha kutoa ushahidi wa haki hata pale ushahidi huo unapotuelemea sisi wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Na katika Sura Al-Maida twakatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Kwa aya hiyo ya pili yatupasa kuwapa wanawake hao haki yao, tusiwahukumu kwa kabila lao. Na kwa ile ya kwanza yatupasa kuona haya, kwani tuliloamrishwa sisi, wao wamelitenda juu ya jeshi la watoto wao.

Enyi vijana, sisemi mgombane na askari. Askari ni ndugu yetu, na aliye mwema naye astahili kushuhudiwa wema wake. Nasema: ukiona dhuluma njiani, usigeuze uso. Kumbuka mahali, siku na saa. Andika ulichokiona, usiongeze neno wala usipunguze, kisha ukipeleke kwa wenye mamlaka ya kuhukumu. Na aliyeonewa mwambie, “Mama, nimeona.”

Neno hilo ndilo ambalo mimi sikumwambia mama wa magunia mawili. Aliteremka kituo cha mbele, na sijamwona tena.

Wabillahi tawfiq.