Hodi, Walimu Wenzangu

Berrien Springs, Michigan

Walimu wenzangu wa Same, na wote mnaoshika chaki huko nyumbani,

Tangu mliponisindikiza pale stendi mnanipigia simu na kuniita Daktari, ingawa tasnifu bado haijakamilika. Mnaniuliza nitarudi lini, na kabla sijajibu linafuata swali la pili: "Watakupa nafasi gani?" Naomba nilijibu hilo la pili kwa kirefu.

Nasoma shahada ya uzamivu ya uongozi wa elimu katika Chuo Kikuu cha Andrews. Ni chuo cha Kanisa la Waadventista Wasabato, lilelile ambalo wamisionari wake kutoka Ujerumani walipanda milima yetu ya Upare mwaka 1903. Kilianzia Battle Creek mwaka 1874, kikahamia hapa mwaka 1901, na mwaka 1960 kikapewa jina la John Nevins Andrews, mmisionari wa kwanza ambaye kanisa lilimtuma rasmi ng'ambo. Ijumaa jua linapokaribia kuzama, maktaba hufungwa. Hata mwanafunzi aliyebanwa na tasnifu huweka kalamu chini mpaka Sabato ipite.

Nilikuja nikitarajia kufundishwa bajeti, sheria za elimu na mbinu za kusimamia watu. Hayo yote nimeyasoma. Kilichonigeuza ni karatasi moja: fomu ya ridhaa ya wanaohojiwa.

Utafiti wangu unahusu namna wakuu wa shule za sekondari wanavyowashirikisha walimu katika maamuzi. Kabla sijamuuliza mwalimu yeyote swali hata moja, kamati ya maadili ya utafiti ilipitia mpango wangu wote, kisha ikanirudishia. Nilikuwa nimeandika kwamba wakuu wa shule ndio watakaonichagulia walimu wa kuhojiwa. Kamati ikaniuliza: mwalimu aliyechaguliwa na bosi wake atakataa vipi? Nilikaa na swali hilo siku nzima.

Sharti la ridhaa hapa Marekani lina historia chungu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma iliwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakiwa wagonjwa wa kaswende. Walikuwa wakulima maskini waliomwamini daktari kwa kuwa ni daktari. Hawakuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, na hata penisilini ilipojulikana kuwa tiba, hawakupewa. Siri ilipofichuka, sheria ikatungwa mwaka 1974, na mwaka 1979 Ripoti ya Belmont ikataja misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema na kumtendea haki. Ndiyo maana mkiniita Daktari siku hizi nashtuka kidogo.

Majira haya ya baridi nawapigia walimu saa sita mchana kwangu, saa mbili usiku kwenu. Siku moja nilikuwa namsomea fomu mwalimu wa hisabati, huku nikisikia sufuria zikigongana nyuma yake na mtoto akirudiarudia jedwali la saba. Nikafika pale panaposema ana haki ya kukataa, au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Madam," akasema, "kumbe naweza kukataa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Miaka kumi na minne kazini, hilo sijawahi kuambiwa."

Hakukataa. Tulizungumza zaidi ya saa nzima. Na katika saa hiyo hakuomba aondolewe zamu wala apunguziwe vipindi. Alichoomba ni kuulizwa.

Usiku ule sikulala, kwa sababu nami nimekuwa mkuu wa shule. Ratiba ya zamu nilikuwa naibandika kwenye ubao wa matangazo Ijumaa mchana, kisha naondoka. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye mtoto mchanga, nikampangia kusimamia prepo ya usiku wiki tatu mfululizo kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu. Hakulalamika, nami nikamsifu kwa utii. Sabato ya Meza ya Bwana nilipiga magoti mbele ya mwalimu huyohuyo, nikamtawadha miguu, tukakumbatiana na kuombeana. Jumatatu asubuhi jina lake lilikuwa palepale ubaoni.

Kanisani sikuukamata mguu wake. Nilisubiri beseni likiwa mbele yangu, akavua viatu, akautia mwenyewe majini. Shuleni sikuwahi kumsubiri.

Wakuu wenzangu, siwalaumu. Wengi wetu tulipewa ukuu kwa sababu tulifundisha vizuri. Barua ya uteuzi ilikuja, tukakabidhiwa funguo na mhuri, tukaiga yule aliyetutangulia. Anayepata nafasi ya kwenda ADEM pale Bagamoyo akasome uongozi wa elimu, asiiache. Lakini hili la kuulizana halisubiri cheti wala fungu la fedha. Muhula huu, kabla ratiba haijabandikwa, keti na kila mwalimu dakika tano. Muulize nini kinamwelemea. Na akisema hawezi, asije akalipia neno hilo siku ya kupandishwa daraja.

Basi, nafasi ninayoitaka nikirudi ni ya kuanzia nyumbani kwa mwalimu yule wa prepo. Nitapiga hodi, kama tulivyolelewa sote: hodi mara tatu, na asipokukaribisha mwenye nyumba, unaondoka kwa adabu. Akinikaribisha, nitamwomba radhi. Asipoitikia, nitarudi siku nyingine.

Niombeeni.

Mwalimu mwenzenu