Tramu za Kale: Jahazi Likitiwa Mashine, Bado ni Jahazi?

Mtu akipanda tramu namba 28 mjini Lisbon, nchini Ureno, hujiona amerudi zama za babu zake. Gari ni dogo, la manjano, lenye magurudumu manne tu na viti vya mbao, na hupenya vichochoro vya mtaa wa Alfama likiguna na kulia chuma, karibu sana na kuta za nyumba. (Kwa faida ya msomaji, jina hilo Alfama asili yake ni Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi ya maji moto, kwani Lisbon ilikuwa mikononi mwa Waislamu mpaka mwaka 1147. Wareno waliotujengea Ngome mwaka 1593 walikuwa na Uarabu wao kwao.)

Abiria huyo asilolijua ni kwamba chini ya miguu yake hamna ukale wowote. Magari hayo ya muundo wa miaka ya 1930 na 1940 yaliingizwa karakana mnamo 1995 na 1996, yapata 45, yakavuliwa magurudumu, mota, breki na mtambo wa kuongozea, yakapewa vyote vipya vya kielektroniki. Kilichobaki ni kiwiliwili. Basi wapenzi wa mambo ya kale wamegawanyika: wako wasemao hii ni tramu ya kale iliyotengenezwa, na wako wasemao ni tramu mpya iliyovishwa kanzu ya marehemu.

Sisi wa Pwani mjadala huu si mgeni kwetu. Tumeusikia bandarini tangu majahazi yalipoanza kutiwa mashine nyuma. Tanga likifungwa, na nahodha akasahau kusoma upepo, je, hicho bado ni chombo kile? Hata reli za mjini hazikuwa ngeni Mombasa. Mwanzo wa karne ya 20 zilipita reli nyembamba katika njia zetu, na juu yake vigari vyenye kivuli, vikisukumwa na watu. Umeme haukuwamo, nguvu yote ilikuwa vifua vya wanadamu.

Tuueleze kwanza mtambo wenyewe. Tramu ya kale hupokea umeme wa volti 600 hivi kutoka waya wa juu. Mbele ya dereva pana sanduku refu la chuma lenye mkono wa shaba. Akiuzungusha kituo kimoja, umeme hupitia kwanza katika vyuma vya kuupunguza nguvu, nazo mota mbili hupangwa mfululizo, zigawane umeme. Akizidi kuzungusha, vyuma vile huondolewa kimoja kimoja, mpaka mwisho kila mota hupata umeme wake kamili. Umeme uliozuiwa haurudi popote. Huwa joto, ukapotea hewani. Dereva mwenye haraka hutupa abiria nyuma, na dereva fundi huliondoa gari kama mtu anayeinua mtungi uliojaa. Mtambo wa kisasa huyafanya hayo wenyewe, bila mikiki, haupotezi umeme kiasi hicho, na gari likifunga breki unaweza hata kurudisha umeme katika waya.

Kwa maneno hayo mtu angesema shauri limekwisha, kipya kishike. Lakini mtambo wa kale una sifa moja ambayo wauzaji wa vipya hawaitaji. Ukiharibika, fundi huufungua, hupiga tupa shaba iliyoungua, hubadili kilicholika, na kama kipuri hakipatikani hukifua mwenyewe. Sanduku la kielektroniki likifa, na aliyelitengeneza amekwisha acha kutengeneza vipande vyake, fundi hubaki akilitazama. Gari la mwaka 1923 laweza kufanya kazi miaka mia. Akili yake ya kisasa huenda ikazeeka katika miaka thelathini.

Mji wa New Orleans, Marekani, una habari ya kufaa hapa. Katika njia ya St. Charles zinapita tramu za kijani zilizoundwa na kampuni ya Perley Thomas miaka ya 1923 na 1924, zenye mtambo wao wa asili na breki za upepo. Ziko 35. Tramu za njia ya Canal zilikuwa zimeondolewa mwaka 1964, na njia hiyo ilipofunguliwa tena Aprili 2004, mji uliunda tramu nyekundu zenye sura ya zile za kale, lakini ndani mna mitambo mipya, vipoza hewa, na lifti ya kumpandisha mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata, Agosti 2005, ikaja tufani ya Katrina. Maji ya chumvi yaliingia katika banda la tramu nyekundu yakaua mitambo yake. Za kijani zilisalimika, na kufikia Desemba ndizo zilizopelekwa Canal kubeba watu.

Wapenzi wa ukale hupenda sana kuisimulia habari hii, ila aghalabu huacha nusu yake. Tramu za kijani hazikupona kwa ubora wa shaba. Zilipona kwa sababu banda lao lilikuwa mahali pa juu. Tena wanaisahau ile lifti. Mama mzee asiyeweza kupanda ngazi hana faida na ufundi wa 1923 ikiwa ataachwa kituoni akiutazama ukipita.

Na Lisbon nako hakujawa salama kwa sababu ya upya. Tarehe 3 Septemba 2025 gari la Glória, lililokuwa likipanda kilima kwa kamba ya chuma tangu mwaka 1885, lilikatikiwa na kamba, likateremka mbio na kuua watu 16. Hilo si tramu hasa, ni ndugu yake. Wachunguzi katika ripoti yao ya awali walisema kamba ile haikuwa imethibitishwa kwa kubeba abiria, na kwamba breki hazikuweza kulisimamisha gari lililokosa kamba. Asubuhi ya siku ile ile lilikuwa limekaguliwa kwa macho, na kilipokatikia hapakuonekana kwa macho. Wenye kupiga picha waliona gari zuri la manjano.

Ndiyo maana twaona kwamba swali la asili au kisasa limewekwa pasipo mahali pake. Kwa gari linalobeba umma kila siku katika mwinuko wa zaidi ya mita 13 kwa kila mita 100, kama hayo ya Lisbon, breki mpya si usaliti. Aliyekataa breki bora kwa kuhofia wapenzi wa ukale ameichezea amana ya roho za watu. Lakini twawalaumu vilevile wanaong'oa mtambo wa asili katika magari yote wakauza shaba kwa kilo. Mji wa Milan, Italia, ungali unatumia tramu za muundo wa mwaka 1928 kwa kazi ya kawaida, watu wakienda sokoni na ofisini, na hiyo ni hoja tosha kwamba mafundi wakiwapo jambo lawezekana.

Kila mji ulio na magari haya ungeacha walau machache na moyo wao wa kwanza, yatembee, si kusimamishwa makumbushoni na kamba nyekundu mbele yake. Na kila fundi mzee apewe kijana wa kumfundisha sasa, kwani ule mkono wa shaba waweza kununuliwa mwingine, lakini kujua kuuzungusha katika mlima wenye mvua hakumo katika kitabu chochote cha karakana. Na gari lililobadilishwa liandikwe ubavuni kwamba limebadilishwa, na mwaka gani, ili anayelipa nauli ajue anapanda nini.