Ukienda Bujumbura, uliza kwanza

Safari ya Bujumbura haimmalizi mfanyabiashara mdogo kwa nauli. Inammaliza kwa aibu ya kuuliza.

Mimi nilirudi Rumonge kutoka kambi ya Mtabila, Tanzania, ilipofungwa mwaka 2012. Miezi michache baadaye nilipakia madumu mawili ya mawese, nikaenda mjini. Nilimwambia dereva wa teksi anipeleke soko kuu. Nilijua liliungua Januari 27, 2013, ila nilidhani upande mmoja bado unauza. Yeye alijua ukweli, akanyamaza. Nikakuta mabati meusi. Nikalipa teksi ya pili, usiku ukaingia, nikalipa na chumba. Faida yote ya mawese ikaishia hapo.

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu. Naondoka alfajiri, ni kilomita zipatazo 75 tu, na jioni nalala kwangu. Nauli namuuliza aliyerudi jana, maana petroli ikiadimika, bei ya mwezi uliopita haifai kitu. Gharama ya mzigo napatana kabla haujapandishwa juu ya gari. Nikifika, naanzia Buyenzi: pale Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa, na hakuna anayenicheka nikiuliza. Pesa ninayopewa naikagua, kwani noti za 5,000 na 10,000 za mwaka 2018 ziliondolewa mwaka 2023.

Wapo wanaosema kuulizauliza bei ni ushamba. Mimi nasema ushamba ni kurudi nyumbani na madumu matupu, na mfuko mtupu vilevile.