Kiti cha Nyuma



Juma hili tuzungumze habari ya motokaa, maana siku hizi hata kijijini motokaa si kitu cha wakubwa peke yao. Kutoka Kasulu kupita Makere hata Kibondo, zile Toyota Probox ambazo wengi huziita mchomoko zabeba kila kitu: maharage, madumu ya mawese, wagonjwa, maharusi na watoto wa shule. Familia mbili tatu huchanga fedha wakanunua moja iliyokwisha tembea sana, na mara huzuka swali: Je, tuking'oe kiti cha nyuma, ili gari liwe jepesi, lisile petroli nyingi, lipande milima vizuri? Swali hili laulizwa mara nyingi, tena na watu wenye akili zao. Yafaa lijibiwe kwa hesabu kwanza.

Gari la namna hii likiwa tupu lina uzito wa kilo 1,000 na zaidi kidogo. Kiti chake cha nyuma, tukikikadiria kilo 25, hatutakuwa mbali na kweli. Wajuzi wa magari wasema kwamba ukipunguza uzito wa gari kwa sehemu moja ya kumi, petroli hupungua kama lita 6 au 7 katika kila lita 100. Lakini kilo 25 si sehemu ya kumi. Hazifiki hata 3 katika 100. Basi katika tangi la lita 50 utaokoa lita moja isiyotimia. Hiyo ndiyo faida yote.

Tena kilo 25 ni robo ya gunia la maharage. Na ni nani aliyeng'oa kiti, kisha akapaacha mahali pale patupu? Mimi sijamwona. Gunia huingia, nalo ni lumbesa. La pili hufuata, na la tatu. Gari lililotakiwa liwe jepesi larudi nyumbani limechutama nyuma kama kuku anayeatamia, na taa zake zamulika vilele vya miti na macho ya wajao.

Waliolitengeneza gari hili huko Japani walilitoa mwaka 2002 liwe gari la kazi. Kwa hiyo kiti cha nyuma walikifanya cha kukunjwa: wakilaza, wapata sakafu ya kuwekea mizigo, na kesho wakiinua watu wakaketi. Lile la mizigo waliliwekea na kipimo: watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Kipimo hicho hakikutoka katika nafasi iliyomo ndani. Kimetoka katika springi, breki na matairi, na hivyo vyote hubaki vilevile kiti kikiwapo au kisipokuwapo.

Vijana wengine hunijibu kwamba magari ya mashindano huondolewa viti vya nyuma, nayo huruka kama swala. Ni kweli. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bwana Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Lakini mtazame mwenye gari la mashindano wa siku hizi akiisha kuondoa kiti. Hutia ndani mabomba ya chuma, kama tundu kubwa, ili bodi isibonyee likipinduka. Waliomo ni wawili tu, wamevaa kofia ngumu, wamefungwa mikanda mabegani na kiunoni. Nyuma hakuna mama mwenye mtoto mgongoni.

Hapo ndipo penyewe. Kiti kile si godoro la kukalia tu. Mgongo wake ni ukuta unaozuia mzigo usiwarukie watu dereva akanyagapo breki kwa ghafula, na ndicho kinachomweka mtu mahali pake ili mkanda umshike. Kiking'olewa, mikanda yabaki ikining'inia, haina wa kumfunga. Watu huketi juu ya magunia au juu ya ubao, vichwa vimegusa dari. Zamani vumbi na mashimo vilimlazimisha dereva aende polepole apende asipende. Sasa lami imetandazwa sehemu kubwa katika njia ile ndefu ya Manyovu, Kasulu na Kabingo, nayo yavuta mguu wa dereva. Gari likienda kilomita 60 kwa saa likagonga kitu kigumu, asiyefungwa hupigwa kama aliyeanguka kutoka mita 14 juu. Watu wa Kigoma twaijua michikichi. Kadirieni wenyewe ni mchikichi wa namna gani huo.

Mtaniambia: Karani, jioni imeingia, gari ni hilo moja, mtoto ana homa, nasi twataka kufika hospitali ya Kabanga. Najua. Basi mwambieni dereva ashushe gunia, ainue kiti. Gunia la maharage hulala kwa jirani likaamka salama. Akisema kiti kimeachwa nyumbani, mama na mtoto na wapewe kile cha mbele na mkanda wake, na yule mfanyabiashara wa maharage ndiye asubiri, hata akinung'unika.

Kama wenye gari wamekata shauri liwe la mizigo tu, sina ugomvi nao. Wawe wawili mbele, basi. Mizigo mizito ilale chini, isogezwe mbele mpaka karibu na viti vya dereva na mwenzake, ifungwe kwa kamba nzuri. Matundu ya nati yazibwe, maana hupitisha maji na vumbi. Tena katika magari mengi madogo tangi la petroli liko chini ya mahali pa kiti hicho, na kifuniko cha pampu yake ni bati jembamba. Kiwekewe ubao, pembe ya jembe isije ikakitoboa. Wanaotaka kuokoa petroli kweli waanze na kuteremsha keria isiyo na kazi na kupima upepo wa matairi. Chujio la hewa nalo lisafishwe, maana kwa vumbi letu jekundu huziba upesi.

Na kiti chenyewe kisitupwe barazani. Kuku hutagia humo, panya hutafuna sponji, na siku ya harusi hakirudi tena. Kiwekwe ndani juu ya ubao, kifunikwe, na nati zake zifungwe katika kitambaa zitiwe katika kisanduku cha mbele cha gari, si katika kopo la misumari.